Mizani ya Springi

Alhamisi, El Alto, mita elfu nne juu ya bahari,
nafika sokoni na sanduku langu la vipimo:
kilo moja, kilo mbili, kilo tano za shaba,
kila moja imelala kwenye tundu lake la mahameli
kama jino katika ufizi.
Mimi ni mkaguzi. Sipendwi.
Wachuuzi wakiniona huitupia mizani shali
kama mama amfichaye mwanawe jicho la hasidi.

Nemesia Choque hakuificha.
Yake ya springi inaning'inia kwenye nondo,
kioo kimepasuka, mshale umepinda,
na gunia la viazi linazunguka polepole chini yake
kama mtu anayefikiri.

"Inapunja," nikamwambia.
"Inampunja nani?"
Nikapima tena. Ilimpunja yeye.
Iliundwa kaskazini, karibu na bahari,
ambako dunia huvuta kwa mkono mzito kidogo.
Huku juu mkono huo unalegea,
na kila gunia la hamsini hudai viazi viwili zaidi
ndipo mshale ukubali.
Miaka kumi na miwili ya viazi viwiliviwili.
Hakuna mwizi wa kukamatwa.

Chini ya meza bintiye, Wara,
ana daftari na kazi ya shule.
"Na gunia hili, Mirihi, lingesoma ngapi?"
Kumi na tisa, nikasema.
"Utaridi?"
Kumi na tisa.
Akanitazama kama ninavyowatazama wachuuzi.
"Mirihi ni kubwa. Utaridi ni kidonge tu. Umekosea."

Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi.
Jirani aliuza bisi za mahindi, gunia refu kuliko Wara.
Nikamwekea bisi mkono wa kushoto,
na mkono wa kulia kilo yangu ya shaba.
Kidonge kile, nikamwambia, kimesheheni chuma,
chuma karibu hadi kwenye ganda,
na anayesimama juu yake amesimama karibu na moyo wake.
Mirihi imejitanua, lakini haikushindiliwa.
Ndiyo maana zinavuta sawasawa,
mmoja kwa kimo, mwingine kwa unene wa nia.

"Zuhura?"
Arobaini na tano. Ungedhani uko nyumbani,
ila viazi vingekuwa makaa
kabla mshale haujatulia.

Nemesia alikuwa akisikiliza huku akihesabu chenji.
"Na mgongo wangu, huko Mirihi?"
Ungebeba magunia mawili na nusu, nikasema kwa furaha,
usihisi zaidi ya hili moja.
"Basi wangenitwika matatu," akasema,
"na wangenilipa kilo kumi na tisa."

Nilifunga mdomo.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
na mimi nilikuwa nimeugawa kwa penseli.

Nikatoa mizani ya vitanga viwili.
Hii, nikasema, husema jambo moja kila mahali,
maana huko jiwe nalo hupungua pamoja na kiazi.
Wara akaandika. Kisha akafuta.
"Na njaa? Njaa ni ya springi au ya vitanga?"
Mama yake akajibu bila kuinua macho:
"Sahani ni ileile, mwanangu. Andika hivyo."

Niliirekebisha springi, nikapiga muhuri wa risasi.
Akanitupia kiazi kimoja mfukoni, yapa,
nyongeza ambayo hapa haipimwi.
Jioni nikashuka La Paz ndani ya kibanda cha waya,
taa za bonde zikinijia miguuni,
na kiazi kile pajani pangu
kikizidi uzito kwa kila mita,
kidogo mno, hakuna chombo sandukuni mwangu
ambacho kingekiri.